Mbio za advencha: miguu tunayo, sasa tutafute ramani na kasia

Kila nikitaja mbio za advencha, zile za timu kuvuka msitu, maji na milima kwa ramani na dira, mbele ya watu huku Kisumu, lazima atokee mmoja aniulize mbona Wakenya hatujaenda kuwanyorosha hao wazungu, si mbio ni zetu? Na swali lenyewe halina ubaya, mtu amekua akiona majirani zetu wa huko juu Nandi na Uasin Gishu wakirudi na medali mwaka baada ya mwaka, kwa hivyo akisikia neno mbio anajua hapo hakuna maneno mengi, ni kuenda tu kuchukua. Lakini hebu tupige hesabu kwanza. 2019 kule Fiji, Eco-Challenge, moja ya mbio kubwa za advencha duniani, ilirudi baada ya kulala miaka 17, zikaja timu 66 kutoka nchi 30, na kozi ilikuwa kilomita 671 za msitu, mito, bahari na milima. Timu ya New Zealand, yaani Nathan Fa'avae, Chris Forne, Sophie Hart na Stuart Lynch, ikamaliza ya kwanza kwa siku kama sita hivi. Sasa gawanya. Inakuja kama kilomita 5 kwa saa, na hapo umeweka kila kitu ndani, kula, kulala, kubadilisha soksi, kupanda kamba, kukaa kwenye boti. Mama anayewahi soko la Kibuye alfajiri na mzigo wake kichwani anatembea hivyo hivyo. Na hao ndio waliokuwa wa kasi kuliko wote.

Kwa hivyo jibu langu huwa ni hilo. Miguu yetu ni mizuri na itasaidia sana siku ikifika, lakini pale kinachoamua mshindi ni ramani, maji, na watu wanne kukaa pamoja siku tano sita bila kuvunjika. Haya matatu ndiyo hatufundishi vijana wetu, na hiyo kitu inaniuma kwa sababu vya kufundishia tumevikalia hapa hapa, ziwa liko, milima iko, msitu uko.

Kwa wale ambao hawajawahi kufuatilia, mchezo unaenda hivi. Timu ni ya watu wanne, na lazima iwe ya wanaume na wanawake pamoja. Mnapewa ramani zenye chekpointi zimewekwa alama, halafu njia ya kufika huko mnajitafutia wenyewe kwa dira. Simu inafungiwa, GPS ni marufuku, kile kidude cha kutuma mawimbi mnachobeba ni cha waandalizi na mashabiki kujua mko wapi, ninyi wenyewe hakiwasaidii. Mnatembea, mnaendesha baiskeli za mlima, mnapiga kasia, mnashuka mwamba kwa kamba, na saa haisimami usiku, kwa hivyo ukilala unalala kwa deni. Mmoja akitoka kwa sababu ameugua au ameumia, timu inapoteza nafasi yake kwenye orodha ya washindi hata kama wale watatu watafika mwisho. Ndiyo maana mimi huupenda huu mchezo kuliko marathoni, hakuna mtu anayeweza kuwaacha wenzake nyuma akaitwa bingwa.

Ulianza kuchukua sura hii 1989, Mfaransa Gérard Fusil alipoanzisha Raid Gauloises na kuipeleka New Zealand mwaka huo wa kwanza. Siku hizi kuna msururu wa dunia nzima na mashindano ya ubingwa kila mwaka, 2022 yalikuwa Paraguay, 2023 yakaja huku kwetu Afrika, Afrika Kusini, 2024 Ekuado, 2025 Kanada pale Penticton jimbo la British Columbia. Ukitaka kuyafuatilia unafungua ramani kwa simu unaona vidoti, kila kidoti ni timu, na nakuambia kuna usiku bando inaisha mtu bado anaangalia kidoti kimesimama bondeni anajiuliza hawa wamelala, wamepotea, au kuna mtu ameumia. Hapo ndipo unaona ukweli wa mambo. Timu inaongoza kwa saa tatu, halafu usiku wa tatu inashuka bonde lisilo lake, inazunguka huko mpaka kunakucha, na wale waliokuwa wa tano wanapita polepole kwenye mgongo wa mlima bila hata kukimbia. Kosa moja la ramani linakula mazoezi ya mwaka mzima ya miguu.

Nikirudi kwa ramani, wacha niseme kitu kuhusu hapa kwetu. Ramani za Survey of Kenya za skeli ya 1:50,000 zipo, sentimita mbili kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini, na ingawa nyingi ni za zamani sana na barabara zake zimepitwa na wakati, mlima na mto viko pale pale vilipochorwa. Kwa mtu anayejifunza hiyo hata ni faida, kwa sababu anazoea kuamini umbo la ardhi badala ya kutafuta lami. Juzi binti ya dada yangu alikuja nyumbani, yuko kwa President's Award, ule mpango wa tuzo za vijana, shuleni na wanajiandaa kwa ekspedisheni, yaani safari ya miguu ya siku kadhaa, nikamtandikia shiti ya upande wa Kisumu juu ya meza tukaweka vikombe vya chai kwenye pembe isijikunje. Akaweka kidole pale Kajulu akaniuliza, “Anko, mbona hizi laini zimebanana hivi hapa na huku Kano zimeachana?” Nikamwambia ahesabu. Kila laini moja ya kontua ni mita 20 za kupanda. Akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, polepole, midomo ikitembea, kutoka tambarare ya Kano ambako unaweza kutembeza kidole sentimita kadhaa bila kugusa laini hata moja, mpaka kwenye ukuta wa Nandi ambako laini zimelaliana mpaka karatasi inakuwa ya kahawia. Aliponyanyua kichwa akaniambia basi hapo hawezi kupanda moja kwa moja, atafuata huu mto mpaka mahali laini zinafunguka kidogo. Hakuna mtu alikuwa amemfundisha hilo. Ameona mwenyewe kwamba bonde ni mlango, na huyo mtoto nikimwona tena na hiyo kalamu najua kabisa anaweza kuwa navigeta, yaani msoma ramani, wa timu yoyote.

Na hapo kwa President's Award nataka tukae kidogo. Huu mpango uko Kenya tangu 1966, una ngazi za bronzi, silva na goldi, na ekspedisheni ni lazima, ile ya goldi ni siku nne na usiku tatu, kikundi kinatembea chenyewe na mzigo wake, ramani yake na dira yake. Ukiangalia vizuri hicho ndicho kiini cha mbio za advencha isipokuwa hakuna saa ya kushindana. Maelfu ya vijana wetu wamepitia hapo, wamepata cheti na beji, halafu wakimaliza fomu foo hakuna mtu anawauliza tena kama wanaweza kusoma kontua. Sisi tuna mfumo mzuri sana wa kumtoa mkimbiaji shuleni mpaka kambi ya Iten, kila kocha anajua hatua zake, lakini huyu wa dira anaishia kabatini na cheti chake. Kama kuna kaunti inatafuta pa kuanzia, ianze na hao, msingi uko tayari.

Jamaa mmoja wa Nakuru huniambia wao wako mbele yetu kwa sababu wana Menengai, na siwezi kumbishia. Ile kaldera, yaani shimo kubwa la volkano, ni karibu kilomita 12 kwa 8, ukisimama ukingoni kwenye mita 2,278 unaona chini kama uwanja mmoja wa kijani, lakini ukishuka unakuta ni lava iliyopasuka pasuka, vichaka, mvuke unatoka hapa na pale, na huoni mbali. Unashika uelekeo wa dira, unapiga hatua mia, mwamba unakusukuma kushoto, unazunguka kichaka, na tayari hujui umetoka kwenye mstari kwa mita ngapi. Hakuna darasa zuri kuliko hilo, ila msiende peke yenu na msiende bila kuwaambia wahusika wa pale, na maji mbebe ya kutosha.

Nchi hii wala si ngeni kwa hesabu ya njia. Rhino Charge, yale mashindano ya magari ya kupita porini, iko tangu 1989, na wanaoifahamu wanajua kule hashindi mwenye gari la mbio, anashinda aliyefika kwenye vituo vyote 13 kwa umbali mfupi zaidi. Kuna manavigeta Wakenya wazuri sana wanaokaa kiti cha kando kwenye hayo magari na wanasoma ardhi kama gazeti. Sema ni mchezo wa gari na pesa nyingi, kijana wa Manyatta au wa Kondele haufikii. Huo ujuzi ushuke chini, uje kwa miguu.

Sasa maji. Hapa ndipo nawaomba watu wa Kisumu tuambiane ukweli, tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika na wengi wetu hatujui kuogelea, tunakula samaki ufuoni, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Kwenye mbio kubwa kasia inaweza kuchukua siku nzima na usiku wake, na mkimbiaji ambaye hajawahi kukaa kwenye boti mabega yanamwisha kabla hata jua halijapanda. Nenda Dunga asubuhi umwangalie mvuvi mmoja tu, usiangalie wote. Anakaa nyuma, mgongo umenyooka, kasia linaingia majini bila kurusha tone, mkono wa juu unasukuma na wa chini unaongoza tu, na kila baada ya pigo la tatu au la nne anageuza kiganja kidogo mwishoni mwa pigo, boti inanyooka bila yeye kuhamisha kasia upande wa pili. Anaongea na mwenzake muda huo wote, na pumzi haijabadilika. Ikifika mchana anatazama mbali, maji ya upande ule yamegeuka rangi, upepo unakuja, anaanza kurudi kabla wewe hujahisi kitu usoni. Kuna watu huko nje wanalipa pesa nyingi kufundishwa hayo yote. Hapa kwetu waalimu wako ufuoni na hakuna mtu anayewaita waalimu, na mimi naona wazee wa Dunga, Usoma na Mbita wanastahili kulipwa kufundisha vijana kasia kama vile kocha wa riadha anavyolipwa.

Lakini kwa maji sitaki mchezo. Laifu jaketi kwa kila mtu, kila mara, hata kama ni mita hamsini na hata kama wewe ni samaki. Mapambano na gugu maji nayo si mepesi, upepo ukibadilika linafunga njia uliyopita asubuhi, na viboko wako. Halafu kuna magonjwa. 2000 Eco-Challenge ilikuwa Borneo, Malaysia, na wanamichezo waliporudi kwao wakaanza kuugua homa mmoja baada ya mwingine, madaktari wakafuatilia wakakuta ni leptospirosisi, ugonjwa unaotoka kwa mkojo wa wanyama ukiingia kwenye maji, na waliokuwa hatarini zaidi ni walioogelea mto Segama. Kati ya 189 waliofikiwa na wachunguzi, 80 walikuwa na dalili zake. Hao ni watu wenye afya ya chuma. Huku kwetu ziwani kichocho kiko na kila mtu anajua, kwa hivyo anayeanza mazoezi ya maji apimwe, na dawa ya prazikwanteli ipo, waandalizi wowote watakaofanya mbio hapa waiweke kwenye mipango yao tangu siku ya kwanza wasingoje watu waugue. Na milima pia inaua, 2004 kwenye Primal Quest, mbio nyingine za advencha huko jimbo la Washington, Marekani, Mwaustralia Nigel Aylott aliangukiwa na jiwe akafa hapo hapo mbioni, mtu aliyekuwa na uzoefu mkubwa. Ukiniona nasisitiza kofia ngumu na jaketi usifikiri natisha watu, napenda huu mchezo na sitaki uanze huku kwetu na mazishi.

La tatu ni timu, na hapa tuna kazi. Riadha imetuzoesha kila mtu na kifua chake. Advencha muda wa timu ni muda wa yule aliyechoka zaidi, basi. Kwa hivyo utaona mwenye nguvu amefunga kamba ya mpira kiunoni anamvuta mwenzake mlimani, mzigo wa mgonjwa umegawanywa kwa watatu, na hakuna aibu ndani yake, kesho zamu itageuka. Sheria ya kuchanganya wanaume na wanawake imesaidia mchezo sana kwa maoni yangu. Mwanamke hapo si wa kujaza nafasi, Sophie Hart kwa mfano amekuwa mhimili wa timu iliyotawala dunia miaka mingi, na usiku wa nne wakati vijana wenye misuli wanaanza kuona miti inatembea kwa sababu ya kukosa usingizi, mara nyingi anayebaki na kichwa kimetulia ndiye anayeibeba timu. Wasichana wetu wa Vihiga na Kakamega wanaopanda na kushuka ile milima ya Maragoli kila siku wawekwe kwenye mipango mapema, wasitafutwe wiki moja kabla ya mbio ili fomu ijae.

Watu wataniambia pesa. Ni kweli, ada ya kuingia mashindano ya dunia ni maelfu ya dola kwa timu, bado ndege, baiskeli, mahema, kamba na viza. Lakini tuangalie wanaoshinda walianzia wapi. New Zealand ni nchi ya watu milioni tano hivi, na 1983 jamaa anaitwa Robin Judkins alianzisha Coast to Coast, kuvuka kisiwa chao cha kusini kutoka bahari moja mpaka nyingine, kilomita 243 za kukimbia, baiskeli na kayaki. Mara ya kwanza walijitokeza watu 79. Imeendelea mpaka leo, wakulima, waalimu, mapolisi, wanafunzi, kila mwaka wanafanya, na kutoka kwa umati huo wa watu wa kawaida ndipo mabingwa wanapatikana. Hawakuanza na ubingwa wa dunia. Na hata hapa nyumbani tumeona inawezekana, marehemu Sule Kangangi, mwendesha baiskeli wa Eldoret, na wenzake wa timu ya baiskeli ya Team Amani walisema kama viza zinatunyima mbio za baiskeli za nje basi mbio zije kwetu, 2021 ikaanza Migration Gravel Race Maasai Mara, siku nne na kilomita kama 650, wageni wakapanda ndege kuja kushindana na Waafrika kwenye vumbi letu. Sule alitutoka Agosti 2022 akiwa mbioni huko Vermont, na mimi bado naumia nikimkumbuka, lakini njia aliyofungua iko wazi.

Kwa hivyo mimi nataka mbio moja ya siku moja, kutoka ziwani mpaka msituni. Tuanze Dunga alfajiri upepo haujaamka, watu wanne kwenye boti ya mbao ya hapa hapa, makasia ya hapa hapa, mvuvi mmoja wa usalama kwa kila boti kadhaa. Sitaki kayaki za kuagiza nje, zitawafungia mlango wale hasa tunaowataka, na boti ya mbao ikiwa moja kwa wote kila mtu ana nafasi sawa. Kutoka hapo baiskeli, na baiskeli ya mitumba iliyokazwa vizuri inatosha, tupite Kibos tuelekee Kajulu, tubebe au tusukume kupanda ukuta, kila timu ichague bonde lake kwenye ramani. Juu huko tushike njia za mashambani za Vihiga, Kaimosi mpaka Shinyalu, halafu tuache baiskeli tuingie msitu wa Kakamega kwa miguu upande wa Isecheno, chekpointi tatu nne ndani, ya mwisho kilima cha Lirhanda. Msitu ule ni kipimo halisi, miti imefunga juu, huoni jua wala kilele, una dira na hesabu ya hatua zako tu. Ruhusa ya Huduma ya Misitu itafutwe mapema, kaunti tatu ziambiwe, machifu waambiwe, na watu wa vijiji njiani waajiriwe kukaa kwenye chekpointi kwa sababu wao ndio wenye kujua ni mto gani umejaa wiki hiyo.

Zawadi isiwe pesa nyingi mwaka wa kwanza. Timu itakayoshinda ilipiwe ada, nauli na viza iende mbio moja ya nje, Afrika Kusini kwa mfano, ambako huu mchezo umekomaa kitambo, ikajifunze usiku wa pili na wa tatu unakuwaje, irudi itufundishe. Mwaka wa pili tuongeze usiku mmoja.

Nimeanza kuongea na wenye boti pale ufuoni, wanachotaka kujua ni kitu kimoja tu, nani atanunua laifu jaketi na zitabaki kwa nani mbio zikiisha. Mimi nasema zibaki ufuoni, kwa wavuvi.